Sahani ya wali na matembezi baada ya chakula cha usiku

Katika kliniki ya lishe ninayofanyia kazi hapa Mombasa, jambo la kwanza ambalo wagonjwa wengi wa kisukari hunieleza, tena kwa fahari, ni kwamba siku hizi wanakunywa chai bila sukari. Huwapongeza, kisha huwauliza chai hiyo wameinywa na nini. Aghalabu jibu ni mahamri matatu au manne kwa mbaazi, adhuhuri wali wa nazi, na usiku wali tena au chapati. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4, ilhali kikombe kimoja cha wali ulioiva kina wanga wa gramu 45 hivi, na wanga huo ukishasagwa tumboni huingia katika damu ukiwa sukari. Aliyeacha vijiko viwili katika chai amefanya jambo jema, lakini mzigo wenyewe umebaki katika sahani, na sahani zetu hazijazoea kupakuliwa kikombe kimoja.

Sikusudii kumnyang'anya mtu wa Pwani wali wake. Nimewaona wagonjwa waliopewa karatasi ya mlo iliyojaa vyakula ambavyo hawajapata kuvipika. Huifuata kwa muda mfupi, kisha hurudi walikotoka, kwa kuwa hakuna mama atakayepika sufuria mbili kila siku. Mimi hubadilisha kipimo na mpangilio. Nusu ya sahani iwe mchicha, bamia, mnavu au kachumbari. Robo iwe samaki, kuku au maharagwe. Robo iliyobaki ndiyo ya wali. Mbaazi zina wanga, lakini zina pia protini na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, kwa hiyo bakuli la mbaazi kwa hamri moja lina nafuu kuliko mahamri manne kwa mbaazi za kuonjea. Utaratibu wa kula nao una uzito wake: anayeanza na mboga na kitoweo, kisha akamalizia na wali, kwa kawaida sukari yake hupanda polepole zaidi kuliko anayeanza na wali. Penye sinia la biriani harusini, ambapo mwenyeji husimama juu ya kichwa chako akiuliza mbona huli, kachumbari na nyama ndizo za kutangulizwa.

Kuhusu presha nitasema machache, kwa sababu wengi wenye kisukari wanayo pia. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo katika ng'onda, papa mkavu, achari na vile vipande vya kiungo cha mchuzi vya dukani. Mwenye ugonjwa wa figo asijitibu presha kwa madafu, maana yana potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.

Mazoezi ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida ya haraka. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini, yaani homoni inayoingiza sukari katika seli za mwili, inapokuwa haifanyi kazi ipasavyo, na misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ya mapaja na makalio. Utafiti uliofanywa New Zealand na kuchapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha watu wenye kisukari cha aina ya pili walipotembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote, na walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo. Sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 walipotembea baada ya milo, na kwa asilimia 22 baada ya chakula cha usiku. Matokeo hayo yanatuhusu mno sisi tunaokula wali baada ya Isha, kisha tukakaa barazani mpaka usingizi utushike.

Kwa hiyo simwambii mtu atafute ukumbi wa mazoezi. Anayekaa Kibokoni aizunguke mitaa yake na kurudi; anayeweza kufika Mama Ngina, kando ya bahari, atembee na wenzake, kwani jua limekwisha kutua na upepo wa bahari upo. Mwenye maumivu ya goti aketi kwenye kiti kigumu, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, aketi tena taratibu, mara kumi, apumzike, arudie. Asiyehisi vizuri nyayo zake asitembee kwa kandambili, na akirudi aikague miguu, hata katikati ya vidole. Nafuu ya zoezi moja hufifia ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana sipendi mtu apitishe siku mbili mfululizo bila kutembea.

Je, ugonjwa wenyewe unaweza kurudi nyuma? Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, watu ambao hawakuwa wamefikisha miaka 6 tangu wagundulike, na hawakuwa wakitumia insulini, walipunguza uzito kwa mlo wenye usimamizi mkali. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Mafuta yaliyopungua katika ini na kongosho ndiyo yaliyoleta unafuu huo. Walioongeza uzito tena, wengi wao sukari iliwarudia.

Habari hizi huwafanya baadhi ya watu waache dawa wenyewe, na wengine hupunguza wali huku wakiendelea na kipimo kile kile cha glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) au insulini, jambo ambalo ni la hatari vilevile. Daktari aelezwe kabla mlo haujabadilishwa. Mtu akitetemeka, akatokwa na jasho jembamba na mashine ya kupimia sukari ikasoma chini ya milimoli 4 kwa lita, anywe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, arudie. Ikishapanda, ale kitu, kisha ampigie daktari wake kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.