Muhuri wa Gongo Hausemi Yote: Dhana Potofu katika Softiboli ya Wazee

Dhana iliyoenea sana miongoni mwa wachezaji wa softiboli ya mrusho wa taratibu (mchezo unaofanana na besiboli) wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, huko Marekani, ni kwamba mihuri ambayo vyama huchapa kwenye magongo ya kupigia mpira, kuonyesha kwamba yameruhusiwa, inatofautiana kwa ukali tu, kana kwamba magongo yote yamepimwa kwa rula moja. Ukweli ni kwamba hata kinachopimwa si kitu kimoja. USA Softball, shirikisho lililojulikana kama ASA hadi 2017, huweka kikomo cha kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo: maili 98 kwa saa, yaani takriban kilomita 158. USSSA, chama kingine cha michezo cha huko, na Senior Softball USA, chama cha wazee kinachofupishwa SSUSA, hutumia uwiano: mdundo wa mpira kwenye gongo, yaani sehemu ya kasi ya mgongano inayobaki mpira unapodunda, hugawanywa kwa mdundo wa mpira huo kwenye ukuta usiotikisika. Kikomo cha USSSA ni 1.20, na cha SSUSA ni 1.21.

Kwa hiyo si kweli kwamba gongo la 1.20 hupeleka mpira mbali zaidi kwa asilimia 20. Tukichukua mpira ambao mdundo wake ukutani ni 0.44, mdundo huo utakuwa 0.528 kwenye gongo la 1.20 na 0.532 kwenye gongo la 1.21. Umbali wa mpira hutegemea pia kasi ya mikono ya mpigaji, uzito wa gongo na mahali mpira ulipogonga.

Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wengi waamini kwamba gongo la wazee na gongo la USSSA ni mamoja. Hapa inafaa kutulia kidogo. Katika jaribio la uwiano, mpira hurushwa kwa maili 60 kwa saa tu, ilhali jaribio la USA Softball hutumia maili 110, mwendo unaokaribia zaidi mgongano halisi uwanjani. Ganda jembamba la gongo halibonyei kwa namna ileile katika kasi hizo mbili, na kwa sababu hiyo hakuna njia ya mkato ya kugeuza 1.21 kuwa maili kwa saa. Zaidi ya hayo, USSSA hupima ugumu wa tumbo la gongo, yaani sehemu nene inayopiga mpira, kwenye mashindano yenyewe na kuliondoa lililolainika kupita kiasi. Gongo lenye muhuri wa wazee peke yake haliruhusiwi katika mechi za kawaida za USSSA, hata kama mwenye nalo ana miaka 70.

Wapo pia wanaoamini kwamba muhuri ukishachapwa, gongo limethibitishwa maisha yake yote. Magongo ya kompoziti hutengenezwa kwa nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi, na kila pigo hulegeza tabaka zake. Gongo linapolegea hubonyea zaidi, mpira ukabonyea kidogo. Na kwa kuwa nguvu nyingi hupotea ndani ya mpira unaobonyea, mpira huo hutoka kwa kasi kubwa kuliko siku gongo lilipokuwa jipya. Wanaolipitisha gongo kwenye rola ili libanwe au kulikwangua kwa ndani huharakisha jambo hilo kwa makusudi, na gongo la namna hiyo ni haramu katika vyama vyote vitatu, hata muhuri wake ukiwa unasomeka vizuri.

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni ile isemayo kwamba mikono ya wazee imepungua nguvu, hivyo gongo lolote ni salama kwao. Ni kweli kwamba mtu wa miaka 75 kwa kawaida hapigi kama kijana, lakini mwenye miaka 50 bado anaweza kupiga kwa nguvu nyingi, na macho na miguu ya mrushaji anayemkabili navyo vimezeeka. Mrushaji husimama futi 50 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 15 na kidogo. Mpira utokao kwa maili 98 kwa saa humfikia kwa takriban theluthi moja ya sekunde, muda ambao huenda usimtoshe hata kuinua glavu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kila mrushaji mzee avae barakoa ya kukinga uso, kwa kuwa hakuna hata muhuri mmoja kati ya hiyo mitatu uliowekwa kwa kupima wepesi wake wa kukwepa.