Mita 1,000 Hizo Si Mwamba Wote Uliopotea

Nimeletewa tena jedwali la visima vya utafutaji mafuta lenye safu ya "mmomonyoko", yaani unene wa mwamba ulioondolewa juu ya kila kisima, kila kisima na namba yake moja, bila kiwango cha shaka. Kisima cha tatu: mita 1,000. Nikauliza imepatikanaje. Logi ya sauti, yaani kipimo cha kasi ya sauti ndani ya mwamba wa kisima, nikajibiwa. Basi, namba ile si mmomonyoko, na mtu wa modeli ya kompyuta alikuwa ameshaiingiza kama ilivyo kwenye historia ya ufukiwaji, yaani ya jinsi miamba ilivyofukiwa na kupata joto. Nimelieleza jambo hili vikaoni mara nyingi mno. Leo naliandika.

Logi ya sauti haikumbuki mmomonyoko. Inakumbuka kina. Mwamba wa mfinyanzi ukishashindiliwa, maji yakatoka na vinyweleo vikabana, hauvimbi tena kwa kiasi cha maana hata mzigo wa juu ukiondolewa. Kasi unayoipima leo ni ya kina kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kufikia. Unaipeleka kwenye mkunjo wa rejea, yaani mchoro wa kasi dhidi ya kina kwa miamba ambayo haijawahi kuwa chini zaidi ya ilipo leo, unasoma kina, unatoa kina cha leo. Kinachobaki ndicho hiyo mita 1,000.

Sasa kitazame kisima chenyewe. Tabaka liko mita 1,500 chini ya sakafu ya bahari, na kasi yake ni ya mwamba uliofika mita 2,500. Lakini juu ya pengo, yaani uso uliokatwa na mmomonyoko, kuna mita 600 za mashapo machanga, yaliyotua baada ya mmomonyoko kwisha. Yatoe. Siku mmomonyoko ulipokoma, tabaka letu lilikuwa mita 900 tu chini. Kutoka 2,500 hadi 900 ni mita 1,600, na huo ndio unene ulioondolewa. Namba ya jedwali imemeza mita 600 nzima.

Kosa hili lina gharama. Ukiiambia modeli kwamba zilipotea mita 1,000, italizika tabaka hadi 1,900 na kuishia hapo. Kwa nyuzi 30 kwa kilomita, umelinyima nyuzi 18 za joto. Nyuzi hizo zinatosha kuutoa mwamba chanzo, ule unaozalisha mafuta, nje ya dirisha la mafuta, yaani kiwango cha joto ambamo mafuta huiva, kwenye karatasi, ilhali chini ya bahari ulishaiva zamani.

Ongeza mashapo machanga mengine mita 1,000 juu ya tabaka hilohilo. Limerudi mita 2,500, tofauti imekuwa sifuri, na kuna watu wataandika "hakuna mmomonyoko". Mita 1,600 ziliondoka! Hazijarudi. Mwamba umefikia tena rekodi yake, na kuanzia hapo logi haiwezi kukwambia lolote. Kila nionapo sifuri kwenye ramani ya mmomonyoko, swali langu la kwanza ni unene wa mashapo yaliyo juu ya pengo.

Halafu kuna wanaoita namba hiyo "mwinuko". Wanajiolojia Philip England na Peter Molnar walitenganisha mambo haya mwaka 1990: kuinuka kwa uso wa nchi ni kitu kimoja, kuinuka kwa miamba ni kingine, na kufukuliwa kwa miamba ni cha tatu. Sisi tunapima cha tatu. Ondoa kilomita moja ya mashapo yenye msongamano wa gramu 2.3 kwa sentimita ya ujazo, juu ya mantili (tabaka lililo chini ya ukoko wa dunia) ya 3.3, na kwa mizania ya ukoko unaoelea juu ya mantili hiyo miamba iliyobaki itapanda takriban mita 700 kwa sababu tu mzigo umepungua. Maji ya bahari yakijaza nafasi hiyo, ni karibu 560. Sehemu kubwa ya "mwinuko" huo basi imeletwa na mmomonyoko wenyewe. Kilichoanzisha yote hakimo kwenye logi.

Mkunjo wa rejea ndio unaoninyima usingizi. Unahitaji visima ambavyo leo viko kwenye kina chao cha juu kabisa. Kama bonde zima liliinuka, visima hivyo havipo, na unachokiita rejea nacho kimefukuliwa. Makadirio yako yote yatakuwa madogo na yatapendeza kwa kukubaliana. Shinikizo kubwa la maji kwenye vinyweleo nalo huudanganya mkunjo, kwa kuuacha mwamba laini kuliko kina chake. Nimewahi kupata kisima chenye mmomonyoko hasi. Sikujua mara moja kama kosa lilikuwa la shinikizo au la mkunjo wangu, na hadi leo jibu nililochagua silitetei kwa nguvu.

Vitriniti, chembe za mimea ya kale ndani ya mwamba ambazo mng'ao wake huongezeka kwa joto, inasaidia, mradi ukumbuke kwamba inapima joto. Sampuli zilizotoka katika mita 300 tu za kisima haziwezi kutenganisha joto kali na mmomonyoko mkubwa: joto linalopanda haraka kwa kina pamoja na mmomonyoko kidogo, na joto linalopanda polepole pamoja na mmomonyoko mwingi, hupita katika nukta zilezile. Apatiti, madini ambayo alama zake za mionzi hufutika kwa joto, hukupa wakati wa kupoa kutoka takriban nyuzi 110 hadi 60. Lakini kupoa pia hutokea maji moto yakikoma kupita.

Penye mashapo yaliyoondoka, yatafute yalikotua. Bahari ya Barents magharibi, kaskazini mwa Norwei, ilikwanguliwa na barafu, na makadirio ya jumla ya mmomonyoko wake huanzia mamia ya mita hadi karibu kilomita 3 kuelekea visiwa vya Svalbard. Mashapo mengi yako kwenye feni kubwa ya Bjørnøya, rundo la mashapo lenye umbo la kipepeo, kwenye mdomo wa bonde la chini ya bahari. Ujazo wake hukupa wastani wa eneo zima, haukupi kisima chako, lakini ramani inayodai mwamba kuzidi uliomo humo lazima ieleze uliobaki ulienda wapi.

Jedwali nimelirudisha. Kisima cha tatu nimeandika 1,600, kutoa au kujumlisha 300, na nimeongeza safu mbili: mashapo yaliyo juu ya pengo, na mkunjo uliotumika.