Hayo matundu madogo ya upasuaji sio madogo kama mnavyodhani

Juzi kwenye daladala ya UDOM nikamsikia mama mmoja anamwambia mwenzie, "Shoga, hiyo ya matundu madogo sio operesheni, ni kama kuchomwa sindano tu." Sikusema kitu ila ilinikaa moyoni, maana kazi yangu hapa Dodoma ni kuandaa vifaa vya chumba cha upasuaji na vile vimirija vinavyopitishwa kwenye matundu, tunaviita troka, naviosha kwa mikono yangu.

Operesheni ni ileile jamani, ila badala ya kupasua tumbo sana daktari anapitisha kamera na vifaa virefu kwenye hayo matundu. Kama ni mfuko wa nyongo, unaotolewa ni uleule, na nusu kaputi unapigwa vilevile, kilichopungua ni kidonda cha kwenye ukuta wa tumbo.

Halafu kuna wanaosema troka ni bomba tu, fundi yeyote anachonga. Hapa ndo watu wanakosea sana. Tumbo linajazwa gesi mpaka presha ya milimita 12 hadi 15 za zebaki ili ukuta unyanyuke daktari apate pa kufanyia kazi, gesi ikivuja ukuta unashuka na kamera haioni kitu. Kwa hiyo ndani ya troka kuna vizuizi viwili, kimoja kinafunga njia kifaa kikitolewa, kama valvu ya tairi la baiskeli, kingine ni mpira unaokumbatia kifaa kikiwa ndani, na huo mpira ndo mtihani wa anayebuni: ukibana sana kifaa kinakuwa kizito na daktari hasikii vizuri mkononi nyama anayoishika, ukilegea gesi inatoka, na kuna troka ambazo mpira huohuo mmoja unatakiwa upokee kifaa cha milimita 5 na cha 12 bila kuchanika. Mimi mpira wenye mchaniko hata kidogo siupitishi.

Ncha ya troka nayo, ile inayotoboa tumbo, eti kali zaidi ndo nzuri zaidi. Ya kukata inapita kirahisi kweli, ila ncha butu yenye umbo la koni inasukuma nyuzi za misuli pembeni, ikitoka zinarudi kukutana na tundu linabaki dogo. Tundu la milimita 10 kwenda juu kwa mtu mzima kwa kawaida linashonwa mpaka ule utando mgumu chini ya mafuta, sio ngozi peke yake, la sivyo utumbo unaweza kujipenyeza pale ikawa ngiri.

Mwingine kaniuliza kwa nini wasitoboe sehemu moja yaishe. Upo upasuaji wa tundu moja, ila tundu lenyewe linakuwa kubwa na vifaa vinagongana humo. Kumbuka troka ni kama mhimili wa bembea, mkono ukienda kulia ncha huko ndani inaenda kushoto, sasa vibananishe vitatu pamoja uone kazi.

Na gesi sio upepo wa kawaida, ni kabonidayoksaidi, haiwaki karibu na kifaa cha umeme cha kuunguza mishipa, na inayeyuka haraka kwenye damu ukaitoa kwa kupumua. Bega likikuuma baada ya hapo usidhani wamekulaza vibaya, mara nyingi ni kiwambo cha chini ya mapafu kimesumbuliwa na gesi, na mshipa wake wa fahamu unatokea shingoni kulekule bega linakopata wake.