Usinakili folda ya faharasa huku seva inafanya kazi

Ukifungua folda ya faharasa (index) ya Solr, programu ya seva ya kutafutia nyaraka, utakuta mafaili yasiyotisha hata kidogo: segments_2f, _a1.cfs, _a1.si, write.lock. Ndiyo maana mafundi wengi wa TEHAMA, na mimi nilikuwa mmoja wao, hupanga amri ya kunakili folda nzima saa nane za usiku kisha wakalala usingizi mzito. Asubuhi nakala ipo, ukubwa wake unaridhisha, na hakuna anayeuliza kitu mpaka siku diski inapokufa.

Siku hiyo ilinikuta. Nikarudisha nakala, nikawasha seva, ikagoma: kuna faili inalitafuta na halipo. Nikafuta write.lock, kama ambavyo kila aliyebanwa hufanya, na haikusaidia chochote.

Chanzo kiko ndani ya Lucene, maktaba ya programu aliyoianza Doug Cutting mwaka 1999, ambayo Solr na Elasticsearch, programu nyingine ya utafutaji, zote zimejengwa juu yake. Lucene huigawa faharasa katika vipande, na kipande kikishaandikwa hakiguswi tena. Nyaraka mpya huenda kwenye kipande kipya. Iliyofutwa huwekewa alama tu. Vipande vidogo vikizidi, seva huviunganisha kuwa kimoja kikubwa na kuvifuta vile vya zamani. Faili la segments_ ndilo daftari linalosema faharasa ya sasa ina vipande gani. Sasa chukua faharasa kubwa ambayo kuinakili kunachukua nusu saa. Amri yako imeshachukua daftari linalotaja kipande fulani. Inapokifikia kipande chenyewe, kimeshaunganishwa na kufutwa. Ni sawa na kuhesabu abiria wa daladala inayotembea huku umesimama kituoni. Mwenye hesabu sahihi ni kondakta.

Kwa hiyo muulize kondakta. Kwa Solr inayoendeshwa kwenye mashine moja, ombi ni mstari mmoja:

http://localhost:8983/solr/statistics/replication?command=backup&location=/akiba/solr&name=jumatatu

Seva hushikilia hali ya faharasa kama ilivyokuwa kwenye uthibitisho (commit) wa mwisho, ikazuia mafaili ya hali hiyo yasifutwe hadi kunakili kuishe. Watu wanaendelea kutafuta, nyaraka zinaendelea kuingia, na nakala inatoka nzima. Tahadhari moja: jibu la "OK" linalorudi papo hapo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, si kwamba kazi imekwisha. Tuma tena ombi hilohilo kwa command=details uone matokeo. Na tangu Solr 8.6, seva hukataa kuandika nje ya folda zake mpaka njia ya /akiba/solr iruhusiwe kwenye mpangilio wa allowPaths. Wengi hukwama hapo, wakarudi kwenye amri yao ya zamani ya kunakili.

Neno "statistics" kwenye mstari ule sikuliweka kwa bahati. Vyuo vikuu vingi, vya Afrika Mashariki vikiwamo, huhifadhi tasnifu na machapisho yao kwenye DSpace, mfumo uliotolewa mwaka 2002 na maktaba za chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. DSpace ina faharasa kadhaa ndani ya Solr, na uzito wake haulingani. Ile ya utafutaji ni kivuli cha hifadhidata: ikipotea, amri ya index-discovery -b inaijenga upya, na hasara yako ni muda wa kusubiri. Ya takwimu ni habari nyingine. Kila tasnifu inapofunguliwa au kupakuliwa, rekodi huandikwa humo na si kwenye hifadhidata. Hata ukiwa na nakala ya hifadhidata ya kila usiku, namba za upakuaji za miaka kumi hazimo. Mkuu wa maktaba akizitaka kwa ajili ya ripoti, huna pa kuzitoa.

Kwa faharasa hiyo mimi huchukua pia nakala ya CSV, yaani faili la maandishi ya kawaida, kwa amri ya solr-export-statistics. Sababu ni umri. Solr 9 husoma faharasa iliyozaliwa kwenye Solr 8, lakini iliyozaliwa kwenye 7 haiifungui, hata kama uliipitisha kwenye 8 katikati. Nakala iliyokaa kabatini miaka sita inaweza kuwa nzima na bado isifunguke. CSV haina tatizo hilo.

Kwa Elasticsearch mambo ni tofauti kidogo. Mahali pa kuwekea nakala husajiliwa kwanza kwenye mpangilio wa path.repo, na kila nakala mpya hubeba vipande ambavyo za nyuma hazina. Hivyo nakala ya leo na ya juzi zinatumia baadhi ya mafaili kwa pamoja, na ukiingia kwenye folda hiyo ukafuta "ya zamani" kwa mkono, utaziharibu zote. Ifute kwa amri ya seva yenyewe.

Kurejesha kwenye Solr ni command=restore, na maendeleo yake huonekana kwa command=restorestatus. Seva haiandiki juu ya faharasa iliyopo. Hujenga mpya kwenye folda inayoanza na neno restore, kisha huhamia humo ikishakamilika. Diski basi iwe na nafasi ya faharasa mbili kwa wakati mmoja.

Jaribu kurejesha nakala yako kwenye mashine nyingine, si ile ya kazi. Kabla ya kuchukua nakala, iulize Solr q=*:*&rows=0 na uandike namba ya numFound, yaani idadi ya rekodi zilizomo; baada ya kurejesha, uliza tena kwenye mashine ya majaribio. Ya pili ikizidi kidogo, ni rekodi zilizoingia kati ya kuuliza na kunakili. Ikipungua, rudi kwenye command=details usome nakala ilikwisha vipi.