Matege na vitamini D: maswali ninayoulizwa kliniki

Vitamini D inafanya kazi gani?
Inauwezesha utumbo kunyonya kalsiamu ya chakula. Ikikosekana, mtoto atakunywa maziwa kila siku na mifupa itabaki laini na kupinda: huo ndio ugonjwa wa matege.

Nikimwotesha jua inatosha?
Jua ni mwanzo tu. Miale yake ikipiga ngozi, vitamini D hutengenezwa, lakini bado haiwezi kazi. Damu huipeleka kwenye ini, ambako kimeng'enya, yaani protini inayofanya mabadiliko ya kikemia mwilini, huibadilisha mara ya kwanza. Hiyo ndiyo tunayoipima maabara. Kisha hufika kwenye figo, na kimeng'enya kingine huikamilisha. Kalsiamu ya damu ikishuka, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni ya kukihimiza kimeng'enya hicho cha figo. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo huweza kuumwa mifupa hata akishinda juani.

Kwa hiyo mwanangu ana figo mbovu?
Kwa wengi ninaowaona, hapana. Vimeng'enya vipo, vinakosa cha kufanyia kazi. Mtoto amefungiwa ndani tangu azaliwe, kofia, soksi, blanketi juu ya blanketi, halafu mama ananiambia anamwotesha jua dirishani. Kioo kinazuia miale ile inayotengeneza vitamini D! Mtoe nje. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana. Endelea kunyonyesha, na uliza kuhusu matone ya uniti 400 kwa siku.

Miguu imepinda, ila bibi yake anasema itanyooka yenyewe.
Shikamoo yake bibi, lakini usisubiri. Ni kweli miguu ya watoto wachanga hupinda kidogo na hunyooka kufikia miaka 2 hivi. Matege ni jambo lingine: vifundo vya mikono vimevimba, mbavu zina vinundu, utosi umechelewa kufunga, meno yamechelewa, mtoto hataki kusimama. Ukiona hata kimoja, mlete wiki hii.

Nimfunge vijiti na kumkanda mafuta kwanza?
Usisubiri. Vijiti haviongezi kalsiamu hata chembe. Nimepokea watoto wenye vidonda vya kamba, na miguu imepinda vilevile. Akianza dawa akiwa mdogo, mara nyingi mifupa hunyooka kadiri anavyokua. Ukimchelewesha miaka, anaweza kuhitaji kukatwa mfupa ili unyooshwe.

Akikakamaa na kutetemeka bila homa?
Huenda kalsiamu imeshuka mno. Asipelekwe kwa mganga, asifukizwe, asitiwe kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri kuche.

Naweza kununua sindano dukani nikamchoma mwenyewe?
Hapana. Vitamini D hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi, kalsiamu hupanda na kuharibu zile figo zinazoikamilisha. Kipimo cha dawa tutakupa sisi, baada ya kumpima damu na kumpiga picha ya kifundo cha mkono.