Urejelezaji wa lami: barabara iliyochoka kuirudisha barabarani

Urejelezaji wa lami ni kuichukua lami iliyochakaa, kuirekebisha na kuitandaza tena, badala ya kuimwaga bondeni na kuagiza nyingine. Lami nzito, ile ya barabara kuu, kwa uzito ni mawe karibu asilimia 95. Asilimia 5 hivi iliyobaki ni bitumeni, gundi nyeusi inayopatikana mafuta ghafi yanaposafishwa. Mawe mazuri hayaishiwi nguvu kwa kukanyagwa na magari miaka kumi na tano. Inayozeeka ni gundi: hewa na jua huikausha, ikawa ngumu, ikapasuka, maji yakaingia kwenye nyufa, mashimo yakaanza.

Ukitaka kuona, okota kipande cha lami kilichobanduka kando ya barabara kuu pale Inyala, Mbeya, ukivunje. Juu ni kijivu, kikavu. Ndani bado cheusi, na ukikiacha kwenye jua la saa saba mchana kinaanza kulainika na kunukia lami. Hiyo ni bitumeni ambayo bado ina kazi ya kufanya.

Sasa piga hesabu. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa meta 7, ikikwanguliwa sentimeta 5 tu, inatoa tani 800 na zaidi. Ndani yake mna tani kama 40 za bitumeni. Zilizobaki ni kokoto. Bitumeni tunaiagiza nje kwa fedha za kigeni, na kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kokoto ni zetu, lakini hazipatikani bila kulipua mwamba, kusaga mawe na kuchoma dizeli. Kuvitupa vyote hivyo korongoni ni hasara isiyo na sababu, hasa kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako malori ya Zambia na Kongo yanaikanyaga TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, usiku na mchana.

Njia ya kwanza ni ya moto. Mashine yenye ngoma ya meno ya chuma hukwangua tabaka la juu, vipande vikapelekwa mtamboni, vikachekechwa na kuchanganywa na kokoto mpya na bitumeni mpya iliyo laini zaidi. Ugumu uko kwenye kupasha. Mchanganyiko unatakiwa ufike nyuzijoto 150 hivi, lakini lami ya zamani ikiguswa na ndimi za moto bitumeni yake huungua na kutoa moshi mzito. Kwa hiyo hupashwa kokoto mpya kupita kiasi, nazo ndizo huipasha ile ya zamani. Ndiyo maana mtambo wa kawaida haupokei lami ya zamani bila kikomo. Lundo lenyewe liwe chini ya paa: kwa mvua za Tukuyu, lisipofunikwa utachoma mafuta kukausha maji kabla hujaanza kupasha lami.

Njia ya pili ni ya baridi, na naiona inatufaa zaidi. Mashine husaga lami papo hapo barabarani pamoja na sehemu ya tabaka la chini yake, ikachanganya na saruji kidogo na bitumeni ya povu, kisha barabara hushindiliwa na kuwekewa tabaka jipya juu. Povu hutokana na maji kidogo kudungwa kwenye bitumeni ya moto. Huumuka mara kumi na zaidi, ikaweza kusambaa kwenye mawe ya baridi. Ladis Csanyi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, aliianzisha mbinu ya bitumeni ya povu mwaka 1956, wakati huo kwa mvuke, na Afrika Kusini wameitumia sana. Mawe hayasombwi kwenda wala kurudi, na kwa barabara inayopanda mlima Kitonga, Iringa, hilo si jambo dogo.

Lakini lami isirudishwe bila kupimwa maabara. Kwenye miinuko malori hutambaa, gurudumu likakaa muda mrefu mahali pamoja, lami laini ikasukumwa pembeni mpaka ikafanya mifereji. Ukirudisha mchanganyiko uleule, umerudisha mifereji ileile. Na kama msingi umelowa maji, kurejeleza tabaka la juu peke yake hakusaidii kitu. Uzito nao usisahaulike: kwa kanuni iliyotokana na majaribio ya Illinois ya 1958 hadi 1960, ekseli ya tani 12 huumiza barabara karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10.

Lami iliyokwanguliwa inaweza pia kumwagwa kwenye barabara ya vumbi kijijini na kushindiliwa siku ya jua. Hushikana, vumbi likapungua. Ni afadhali kuliko korongoni, ingawa hapo bitumeni ghali inafanya kazi ya moramu, changarawe ya kawaida ya barabara za vumbi.

Yote haya huamuliwa kwenye karatasi kabla mashine haijafika. Mkataba ukisema tu lami ya zamani iondolewe, mkandarasi ataiondoa. Ukisema ipimwe, ihifadhiwe chini ya paa na irudi barabarani kwa kiwango kilichotajwa, ataiwekea bei tangu anapojaza zabuni.