Mota Kubwa Haitibu Shata Nzito

Simu nyingi ninazopokea kutoka kwa wenye maghala yenye shata, ile milango ya chuma inayojiviringisha juu, huanza hivi: "Fundi, shata imekuwa nzito, njoo utufungie mota kubwa zaidi." Huwa nawaambia wasinunue kitu kwanza. Mota haikuwekwa pale ibebe mlango. Anayebeba ni springi, mota inamalizia tu kidogo kilichobaki.

Tupige hesabu. Bati la chuma la unene wa milimita 1 lina karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba, tena kabla halijakunjwa kuwa vipande vya shata. Mlango wa mita 4 kwa 4, ambao kwenye maghala ya Vingunguti au Chang'ombe hapa Dar es Salaam ni wa kawaida kabisa, una mita za mraba 16. Jumlisha mikunjo na baa ya chini, unapita kilo 150. Ndani ya lile bomba la juu linaloviringisha shata kuna springi: mlango ukishuka zinajikaza, ukipanda zinarudisha nguvu ile ile. Zikiwa nzima, mtu mmoja anaupandisha. Zikichoka, kilo zote zinahamia kwenye giaboksi, cheni na boliti za ukutani.

Na springi haihesabu miaka, inahesabu mizunguko. Ya kawaida hutengenezwa kwa mizunguko ipatayo 10,000, mzunguko mmoja ukiwa kufungua na kufunga. Ghala la kusambaza bidhaa linalofungua mara 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, linaimaliza kwa mwaka mmoja na kidogo. Halafu mwenyewe anauliza, "Mbona ya jirani ina miaka minane?" Jirani anafungua asubuhi, anafunga jioni, basi.

Shata ya kuvuta kwa mkono ikianza kuwa nzito, mlinzi analalamika siku hiyo hiyo. Mota hailalamiki. Itaendelea kunyanyua mlango ambao springi yake moja imeshakatika, itapata joto, kinga yake itakata umeme, watasubiri ipoe, wataiwasha tena. Mlango unapanda kwa kujikokota na kushuka kwa haraka, na watu wanazoea. Ukifunga mota kubwa umeondoa hata hizo dalili chache, na uzito bado uko pale pale juu ya vichwa vya wapakiaji.

Kipimo chake ni rahisi. Kwa mlango unaoweza kutenganishwa na mota, zima umeme, achia mota, pandisha mlango kwa mkono hadi kiunoni, weka stendi ya chuma chini yake ikiwa fupi kidogo kuliko uwazi, kisha uachie ukiwa umesimama pembeni. Ukitulia pale pale, springi ni nzima. Ukidondokea stendi, zimechoka. Ukijipandisha wenyewe, kuna aliyezikaza kupita kiasi. Zile za cheni zenye gia ya parafujo, yaani skrubu inayozungusha gurudumu la meno, hazipimwi hivyo, kwa sababu gia inaushika mlango hata springi zikiwa zimekufa. Hapo sikiliza mkono wako kwenye cheni: kama kupandisha kunakutoa jasho na kushusha ni mteremko, umeshapata jibu.

Gia hiyo nayo ina mwisho. Gurudumu lake mara nyingi ni la shaba nyeusi, na linaliwa polepole likibeba mzigo usio wake. Nikifungua giaboksi huchovya kidole kwenye oili na kukisugua chini ya tochi. Nikiona unga unaometa kama dhahabu, mlango huo unafungwa siku hiyo, hata kama lori liko nje linapiga honi. Meno yakiisha hakuna kinachoshika shata isipokuwa breki ya kuzuia kuanguka, na milango mingi ninayoikuta haina breki hiyo.

Jambo jingine lisilozungumzwa ni fezi, yaani nyaya za umeme zinazoilisha mota. Kwenye mota ya fezi tatu, fezi mbili zikibadilishana nafasi, labda baada ya kazi kwenye transfoma au kuunganisha jenereta mpya, mota inazunguka kinyume. Unabonyeza kupanda, mlango unashuka. Watu wanacheka, wanazoea kubonyeza kinyume. Wasichojua ni kwamba swichi ya kikomo ya chini, ile inayosimamisha mlango ukifika sakafuni, inakata kitufe cha kushuka tu. Sasa mlango unashuka kwa kitufe cha kupanda, unafika sakafuni, swichi inaguswa na haikati chochote. Bomba linaendelea kuzunguka, shata inajikunja upande usio wake na vipande vinachomoka kwenye reli. Rilei ya kulinda fezi, kijisanduku cha kuingia kwenye kiganja, ingekataa kuwasha mota tangu mwanzo. Kuhusu macho ya usalama, yale yanayozuia mlango kumshukia mtu, nikikuta waya zake zimeungwa moja kwa moja "ili mlango usisumbue", naandika kwenye ripoti na siwashi mota.

Mhudumu wa ghala anaweza kufanya mengi bila mimi. Afagie reli, akaze boliti zilizolegea, apulizie silikoni. Grisi kwenye reli hapana: ikishika mchanga wa mtaani kwetu inageuka msasa. Huku pwani aoshe vipande vya chini kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hukaa pale pale maji yanapotuama. Foklifti ikigonga reli, asiinyooshe kwa nyundo, anipigie. Na springi asiziguse. Kwenye ile milango ya paneli inayopanda na kulala chini ya paa, springi ziko wazi na hukazwa kwa fimbo mbili za chuma zinazojaa tundu barabara. Nimekuta vijana wanatumia vipande vya nondo. Nondo ikichomoka, inarudi usawa wa uso wa aliyesimama kwenye ngazi.

Kabla ya kazi yoyote, swichi kuu inazimwa na kutiwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa fundi. Wapo wenye maghala wanaoona ni mbwembwe, lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri mtu akiumia. Kenya wana yao ya 2007.

Ukiniita, nitajie upana na urefu wa mlango, unene wa vipande, fezi moja au tatu, na unafunguliwa mara ngapi kwa siku. Springi zikiwa mbili tutabadilisha zote mbili, hata kama iliyokatika ni moja, kwa sababu zimefanya mizunguko sawa.